Gadi wa vyuo vidogo Marekani: utamjuaje anayeweza kubeba timu kwenye mechi za konferensi?

Chenga_Moja ameuliza:

Wakuu, salaam. Nafuatilia mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo vidogo Marekani, zaidi Divisheni ya 3 ya NCAA (chama kikubwa cha michezo ya vyuo; Divisheni ya 1 ndiyo ya juu), na kwa kiasi Divisheni ya 2 na NAIA, chama kingine cha vyuo. Kila msimu hali ni ile ile. Novemba na Desemba kuna gadi kibao (wachezaji wa nje wanaoubeba na kuupanga mpira) wanaofunga pointi 24, 25 kwa mechi na kila mtu anawaimba. Ikifika Januari, mechi za konferensi (kundi la vyuo vinavyokutana kila msimu) zikianza kukolea, wengi wao wanashuka hadi 15 na asilimia zao zinaporomoka. Halafu anaibuka mwingine ambaye hakutajwa popote, ndiye anayeiingiza timu kwenye mashindano ya taifa mwezi Machi.

Naomba wajuzi mnisaidie mambo matatu. Kwanza, huu mporomoko unatokana na nini hasa? Pili, nikiwa na jedwali la takwimu tu, niangalie namba zipi ili nisidanganyike na wastani wa pointi? Tatu, nikiwa na video ya mechi nzima, macho yangu yawe wapi? Na kama kuna namna ya haki ya kumlinganisha gadi wa konferensi ya NESCAC na wa WIAC au wa CCIW, niambieni pia, maana ubishi huu hauishi.

---

Hesabu_za_Kikapu:

Mkuu, anza na ratiba kabla hujamgusa mchezaji. Timu ya Divisheni ya 3 inaruhusiwa mechi 25 za msimu wa kawaida. Chukua WIAC: vyuo vinane, vyote vya Wisconsin, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili, jumla mechi 14 za konferensi. Zinazobaki 11 ni za kocha kujipangia. Kuna anayetafuta vigogo ili timu yake ipimwe mapema, na kuna anayetafuta ushindi mwepesi, hata kwa vyuo vya Biblia ambavyo havimo NCAA wala NAIA. Wastani wa Novemba unazihesabu zote kuwa sawa.

Mfano unaojulikana na wote ni wa Jack Taylor, gadi wa Grinnell. Tarehe 20 Novemba 2012 alifunga pointi 138 dhidi ya Faith Baptist Bible, mechi iliyoisha 179 kwa 104. Alitupa mara 108, zikaingia 52. Katika hizo, za pointi tatu alitupa 71 zikaingia 27. Ukizichambua, asilimia 38 ya tatu na 25 kati ya 37 za pointi mbili si namba mbaya hata kidogo. Lakini tazama upande wa pili: mchezaji mmoja wa Faith Baptist, David Larson, alifunga 70 katika mechi hiyo hiyo. Mechi ya namna hiyo haikuambii gadi atafanya nini akikutana na timu iliyomchambua wiki nzima.

Kwa hiyo namba ya kwanza ya kutafuta ni takwimu za mechi za konferensi peke yake. Tovuti za konferensi nyingi zina kitufe cha kuzitenga. Kama hakipo, jumlisha mwenyewe kutoka kwenye majedwali ya mechi. Mechi 14 ni kazi ya jioni moja.

Namba ya pili ni kasi ya timu. Hesabu mashambulizi ya timu kwa mechi hivi: mitupo yote ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia (mitupo iliyokosa ambayo timu iliyotupa inaidaka tena), ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru ukiwa umeizidisha kwa 0.475. Timu iliyotupa mara 62, ikachukua ribaundi 9 za kushambulia, ikapoteza mipira 12 na kupiga mitupo huru 18, ilikuwa na mashambulizi takriban 74. Ile 0.475 inatokana na ukweli kwamba si kila mtupo huru unamaliza shambulizi: mingine huja miwili miwili, mingine ni nyongeza baada ya kikapu.

Sasa chukulia gadi wawili, wote wanacheza dakika 34. Wa kwanza yuko kwenye timu ya mashambulizi 84 kwa mechi, anafunga 24 kwa mitupo 19 na mitupo huru 6, anapoteza mpira mara 4.5. Wa pili yuko kwenye timu ya mashambulizi 66, anafunga 17 kwa mitupo 11 na mitupo huru 5, anapoteza mara 1.6. Kwa macho, tofauti ni pointi 7. Weka kwa mashambulizi 100 ambayo yeye yumo uwanjani: wa kwanza 33.6, wa pili 30.3. Pengo limebaki pointi 3 na kitu. Halafu ufanisi: gawa pointi kwa mara mbili ya mitupo, ukiwa umejumlisha humo mitupo huru mara 0.475. Wa kwanza anapata asilimia 54.9, wa pili 63.6. Na kwa mashambulizi hayo 100, wa kwanza anapoteza mipira 6.3 na wa pili 2.9. Mimi namchukua wa pili bila kusita, na bado sijamwona akicheza.

Angalizo moja kuhusu asisti. Zinaandikwa na mwandishi wa takwimu wa timu mwenyeji, na kuna viwanja ambako pasi yoyote kabla ya kikapu inahesabiwa. Linganisha asisti za nyumbani na za ugenini. Gadi mwenye 8 nyumbani na 4 ugenini mwandikie 4, kisha endelea na mambo mengine.

---

Fundi_wa_Skrini:

Mkuu Hesabu amemaliza upande wa karatasi. Mimi nijibu la video, na ndani yake kuna jibu la kwa nini wanaporomoka.

Makocha wa vyuo vidogo hawana jeshi la wachambuzi, lakini mechi za wenzao zote wanazipata. Mzunguko wa pili wa konferensi ukifika, mpinzani ana video ya mechi yenyewe mliyocheza naye Januari pamoja na nyingine kumi. Anajua gadi wako anapenda kwenda kulia, anajua anatupa baada ya kudunda mara mbili, anajua hapasi kwenye kona ya kushoto. Kila kitu alichokuwa anapata kwa urahisi kinaondolewa. Gadi mwenye silaha moja hapo ndipo anapokwama.

Ukifungua video, skrini inapowekwa kwa mwenye mpira (mwenzake anaposimama kumzibia beki njia) usimtazame gadi kwanza. Tazama miguu ya beki mrefu, yule anayemlinda mweka skrini. Kwa kawaida utaona mojawapo ya haya: anabaki nyuma karibu na kikapu, anatoka juu kumzuia gadi kwa hatua mbili tatu kisha anarudi, wanabadilishana wachezaji, au wawili wote wanamvamia gadi. Skrini ikiwa pembeni kuna timu zinazomfungia gadi njia ya katikati na kumsukuma kuelekea mstari wa pembeni. Ukishajua beki amechagua nini, ndipo uulize kama gadi ametoa jibu sahihi.

Mrefu akibaki nyuma, jibu ni mtupo wa kusimama kutoka mita nne tano, au mtupo wa pointi tatu kabla beki wake hajapita skrini. Gadi asiyeweza mtupo huo anachezewa hivyo usiku mzima, na beki wake anapita chini ya skrini bila wasiwasi. Mrefu akitoka juu, gadi anatakiwa kurudi nyuma dunda mbili kumvuta mbali, kisha mpira umwendee mweka skrini anayeteremka. Wakibadilishana, watu wengi wanadhani jibu ni gadi kumchezea yule mrefu ana kwa ana. Mara nyingi jibu bora ni kumpelekea mpira mwenzake ambaye sasa ameangukia kwa beki mfupi. Wakimvamia wawili, mpira utoke mapema, kabla mtego haujafunga, kwa mtu wa katikati ya uwanja ambaye atacheza wanne dhidi ya watatu. Gadi anayesubiri hadi mikono minne iko usoni atatoa pasi ya juu inayoelea, na hiyo ndiyo inayoibwa.

Ukitaka kuona jibu sahihi likirudiwa mamia ya mara, tafuta Northwest Missouri State ya Ben McCollum, Divisheni ya 2, konferensi ya MIAA. Walichukua ubingwa 2017, 2019, 2021 na 2022, na msimu wa 2019 walimaliza 38 bila kupoteza. Gadi wao Trevor Hudgins alikuwemo kwenye mataji matatu ya mwisho. Hakuwa mrefu wala hakuruka kuliko wengine. Mtazame akishapita skrini: hakimbilii kikapu. Anasimamisha mwendo, anamweka beki wake mgongoni, nyonga ikigusa nyonga, beki hawezi kupita kushoto wala kulia. Anadunda taratibu kuelekea mstari wa mitupo huru. Mrefu wa mbele analazimika kuchagua, yeye au mweka skrini, na Hudgins hatupi wala hapasi mpaka mrefu ahame. Mara nyingi sekunde moja tu inatosha.

Bennett Stirtz alitoka shule hiyo hiyo. Alicheza misimu miwili pale, akamfuata McCollum kwenda Drake ya Divisheni ya 1 msimu wa 2024-25 pamoja na wenzake watatu. Akawa mchezaji bora wa konferensi ya Missouri Valley akicheza karibu dakika zote 40, na Drake wakawatoa Missouri 67 kwa 57 raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, Machi 2025. Skrini zilikuwa zile zile, na subira ile ile.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu tatu: beki alifanya nini, gadi alijibu nini, shambulizi liliishaje. Skrini 20 zinatosha kwa mechi moja. Usihesabu kama mtupo uliingia; hesabu kama ulikuwa mtupo sahihi. Na anza na kipindi cha pili, kwa sababu makocha wengi hubadilisha mpango wakati wa mapumziko. Dakika nane za mwanzo wa kipindi hicho zitakuonyesha kama gadi ameliona badiliko au anaendelea na yale ya kipindi cha kwanza.

---

Presi_Uwanja_Mzima:

Nakubaliana na mengi hapo juu ila hili la kasi lisichukuliwe kama kosa la mchezaji. Kuna timu ambazo kasi ndiyo mfumo wenyewe, na ukimpima gadi wao kwa ufanisi wa mtupo peke yake unamwonea.

Grinnell ya kocha David Arseneault ilijiwekea malengo yanayojulikana: mitupo 94 kwa mechi, nusu yake ya pointi tatu, kuchukua theluthi ya ribaundi za mitupo yao wenyewe iliyokosa, kumpita mpinzani kwa mitupo 25, na kumfanya apoteze mpira mara 32. Wachezaji watano wanaingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja, kila baada ya dakika moja hivi. Ndani ya mfumo huo, gadi akikataa tatu ya wazi sekunde ya saba ya shambulizi amekosea, hata kama kwingine ingeitwa papara.

Divisheni ya 2 tazama Nova Southeastern ya Jim Crutchfield, aliyetokea West Liberty na presi yake (kumkaba mpinzani uwanja mzima). 2023 walichukua ubingwa wakiwa 36 bila kupoteza. 2024 wakafungwa fainali na Minnesota State 88 kwa 85. 2025 wakarudi wakachukua, 74 kwa 73 dhidi ya Cal State Dominguez Hills. Tazama hiyo ya mwisho vizuri: timu iliyozoea kuvuka 100 ilivutwa hadi 74 na bado ikashinda. Gadi wao wangekuwa wa mbio tu wangekufa pale.

Gadi wa presi mpime kwa mambo matatu. Mipira anayoigusa hata kama haikuibwa, maana mguso unaharibu mpangilio na kula saa. Pembe anayofika nayo kwenye mtego: anatakiwa kumziba mwenye mpira asigeuke kurudi katikati, magoti yake na ya mwenzake yakaribiane pasipite mtu, mikono juu bila kunyakua. Anayenyakua anapigiwa faulo mita 20 kutoka kikapuni, na faulo hizo ndizo zinazompa mpinzani mitupo huru ya nyongeza mapema. La tatu, anafanya nini presi ikivunjwa. Konferensi wakikutana mara ya pili, mpinzani anamweka mrefu mwenye mikono mizuri katikati ya uwanja, mpira unapitia kwake, na ghafla ni watatu dhidi ya wawili. Gadi anayerudi mbio kwa mstari ulionyooka kuelekea kikapu chake anaokoa leyapu (mitupo ya karibu kabisa na kikapu) mbili tatu kila mechi ambazo hakuna jedwali linaloziandika.

---

Hesabu_za_Kikapu:

Presi, hapo kwenye faulo na mipira inayoguswa nakuunga mkono. Ila kuhesabu kwa mashambulizi 100 hakumwonei gadi wa mbio, kunamweka mahali pamoja na wengine. Grinnell yenyewe ni mfano: 138 za Taylor zilitoka kwenye ufanisi wa asilimia 61 hivi, namba nzuri. Tatizo lilikuwa mpinzani, kasi haikuwa na kosa.

---

Safari_na_Ratiba:

Nimeona hakuna aliyegusa swali la kulinganisha konferensi, na hapa ndipo watu wanatukanana bure. Konferensi hazifanani hata kwa umbo la wiki.

NESCAC ina timu 11 na zinakutana mara moja tu, mechi 10. Maana yake gadi mzuri anaweza kumaliza konferensi bila kuonwa mara mbili na mpinzani yeyote mpaka mashindano ya mwisho wa msimu. Namba zake za konferensi ni za mkutano wa kwanza tu. WIAC ni mara mbili, kwa kawaida katikati ya wiki na Jumamosi, na safari zote ni ndani ya jimbo moja. Muda wa kumwandalia mpinzani upo. Isitoshe, WIAC ina utamaduni wa kujilinda na kucheza taratibu: kocha Bo Ryan alichukua mataji manne ya taifa na Platteville, 1991, 1995, 1998 na 1999, Stevens Point nao wana manne, Whitewater manne, na Oshkosh wakaongeza moja 2019. Gadi mwenye 16 WIAC hajapungukiwa na gadi mwenye 20 kwingine. Tenganisha basi mzunguko wa kwanza na wa pili: saba za mwanzo, saba za mwisho. Asiyeshuka kwenye saba za mwisho, huyo ameonwa, amechambuliwa, na bado amecheza.

UAA, konferensi nyingine ya Divisheni ya 3, ni dunia nyingine. Emory yuko Atlanta, NYU New York, Brandeis karibu na Boston, WashU St. Louis, Chicago, Case Western Cleveland, Carnegie Mellon Pittsburgh na Rochester. Wanasafiri kwa ndege, wanacheza Ijumaa na Jumapili dhidi ya wapinzani wawili tofauti. Kujiandaa kwa mechi ya Jumapili kuna siku moja, ambayo nusu yake iko safarini. Hapo tazama Jumapili: dakika za mwisho mitupo ya mbali inaanza kugonga ukingo wa mbele wa kikapu, ishara kwamba miguu imechoka. Tena UAA haina mashindano ya mwisho wa msimu. Bingwa ni anayeongoza baada ya mechi 14, na ndiye anayepata tiketi ya moja kwa moja. Kwa hiyo mechi ya Januari ya Ijumaa ina uzito ambao kwingine hauupati hadi mwisho wa Februari. Fainali ya taifa ya 2025 ilikuwa Trinity ya NESCAC dhidi ya NYU ya UAA, Trinity wakachukua, kwa hiyo hakuna konferensi kati ya hizo mbili ya kubezwa.

Divisheni ya 2 kuna jambo jingine, mwinuko. Konferensi ya RMAC ina Western Colorado kule Gunnison na Adams State kule Alamosa, zote mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Gadi mgeni anayecheza dakika 38 pale usimhukumu kwa kipindi cha pili. Mhukumu kwa namna anavyougawa mwendo wake: anaomba mpira upelekwe na mwingine lini, anapumzika kwenye mpira uliokufa au anabishana na mwamuzi.

---

Chenga_Moja:

Nashukuru sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Mawili zaidi. Mitupo ya pointi tatu ya mechi 14 inatosha kuniambia kwamba mtu anajua kutupa? Na gadi wa chini akipanda divisheni, ni kitu gani kinapanda naye na kipi kinabaki?

---

Hesabu_za_Kikapu:

La kwanza: haitoshi. Gadi anayetupa mitupo mitano ya pointi tatu kwa mechi atakuwa na 70 kwa konferensi nzima. Akiingiza 27 ni asilimia 38.6, utasema fundi. Akiingiza 23 ni 32.9, utasema hajui. Tofauti ni mitupo minne kwa wiki saba, na hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Chukua misimu yake yote pamoja, kisha tazama asilimia ya mitupo huru, kwa sababu ule ni mtupo usio na beki na mara nyingi kuna mingi ya kutosha. Mtu wa asilimia 85 kwenye mitupo huru anayetupa za pointi tatu kwa asilimia 32 simkatii tamaa. Mtu wa 62 kwenye mitupo huru anayetupa za pointi tatu kwa asilimia 40 ndani ya mechi 14 namsubiri ashuke.

Jambo zuri ni kwamba mstari wa pointi tatu sasa ni mmoja. Divisheni ya 1 waliuhamishia mita 6.75 msimu wa 2019-20, Divisheni ya 2 na ya 3 wakafuata msimu uliofuata. Ukilinganisha na takwimu za kabla ya hapo, kumbuka mstari ulikuwa karibu zaidi.

---

Fundi_wa_Skrini:

La pili. Kinachopanda ni maamuzi, mtupo wa kupokea na kutupa bila kudunda, na uchache wa kupoteza mpira. Kinachobaki chini ni leyapu za kumpita beki kwa nguvu au mbio peke yake, maana juu kuna mrefu anayesubiri pale ndani. Ndiyo maana kwenye video nagawa leyapu za gadi katika mafungu mawili: alizopata baada ya beki wa msaada kufika, na alizopata njia ikiwa tupu. Za kwanza ndizo zenye thamani.

Mfano mkubwa ni Derrick White. Misimu mitatu UCCS, Colorado Springs, Divisheni ya 2 kwenye hiyo RMAC aliyoitaja Safari. Akahamia Chuo Kikuu cha Colorado, Divisheni ya 1, akakaa nje msimu mmoja kwa sheria ya uhamisho ya wakati ule, akacheza 2016-17, na 2017 San Antonio Spurs ya NBA wakamchukua nafasi ya 29 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya. 2024 akawa bingwa na Boston Celtics. Alipanda na mtupo, na ulinzi, na mikono inayozuia mitupo ya watu warefu kuliko yeye. Divisheni ya 3 njia ni nyembamba zaidi, huko hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, wakati Divisheni ya 2 timu ina ufadhili hadi wa watu 10, kwa hiyo vipaji vinaanza kugawanyika tangu mwanzo. Hata hivyo Greg Grant wa Trenton State, wastani wa 32.6 msimu wa 1988-89, alichukuliwa na Phoenix ya NBA 1989 akiwa mfupi kuliko karibu kila aliyekuwa uwanjani.

Na wapo wasiohitaji kupanda popote ili wawe wakubwa. Buzz Anthony aliiongoza Randolph-Macon ya konferensi ya ODAC kuwafunga Elmhurst 75 kwa 45 fainali ya 2022. Rudia video zile utazame ribaundi zake za kujilinda: anaichukua mwenyewe na kuanza shambulizi papo hapo, bila kumsubiri mtu ampe pasi. Gadi anayechukua ribaundi anaokoa sekunde mbili ambazo mpinzani angezitumia kujipanga.

---

Presi_Uwanja_Mzima:

Nyongeza fupi kuhusu dakika nne za mwisho, kwa sababu mechi za konferensi nyingi zinaisha kwa tofauti ya vikapu viwili vitatu.

Faulo ya saba ya timu katika kipindi inaleta mtupo huru ambao ukiingia ndipo unapata wa pili. Kuanzia ya kumi ni miwili moja kwa moja. Gadi wa asilimia 70 kwenye ule wa masharti anategemewa kuleta pointi 1.19, wa asilimia 85 analeta 1.57. Tofauti hiyo, ikirudiwa mara nne mwishoni, ni pointi moja na nusu, na mechi za kupotea kwa moja ziko nyingi. Kwa hiyo angalia nani anapokea mpira wa kurushwa kutoka nje timu ikiongoza. Kocha anamjua mtupaji wake, na mpinzani anamjua pia, atamwekea mtu wa kumkaba uso kwa uso asipokee kabisa. Gadi mzuri hasimami kulia apewe mpira; anamwekea mwenzake skrini kwanza, kisha anachomoka kuelekea mpira wakati beki wake ameshughulika na kuhama.

Timu ikiwa sare au nyuma, saa ya shambulizi ni sekunde 30, na baada ya ribaundi ya kushambulia inarudi 20. Gadi asiyejua hiyo 20 anaomba muda wa kupanga upya na kujikuta anatupa kwa kulazimisha. Na wakati mwingine jibu sahihi ni kutosubiri chochote. Fainali ya Divisheni ya 3 ya 2023, Christopher Newport dhidi ya Mount Union, Trey Barber aliubeba mpira akaingia hadi kwenye leyapu saa ikiisha, 74 kwa 72. Angesimama katikati ya uwanja kuita mpango, ulinzi ungekuwa umeshajipanga.

Ukianza kuandika zile safu za Fundi, ongeza ya nne kwa dakika hizi: alama zilikuwa ngapi na saa ilibaki ngapi gadi alipoamua.